Piano ya Leipzig na Swali la Mtambo Wake

Miongoni mwa mali za usharika zilizohesabiwa na Kamati ya Jubilei ya Miaka 100, hakuna iliyozua mjadala mrefu katika Baraza la Wazee kuliko piano ya zamani iliyohifadhiwa katika chumba cha nyuma cha kanisa la kwanza. Kengele ilijadiliwa kwa dakika chache. Vyombo vya Meza ya Bwana havikuulizwa swali. Lakini piano ilichukua vikao vitatu, na katika kikao cha pili sauti zilipanda hata mwenyekiti akaomba wimbo uimbwe kwanza ndipo mazungumzo yaendelee. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: mtambo wa piano hii, ambao haujafanya kazi kwa miaka mingi, utengenezwe au uachwe ulivyo?

Kizazi cha sasa kinaifahamu piano hiyo kama mahali pa kuwekea maua ya madhabahu na madaftari ya ahadi. Ni piano ya kusimama, yaani ile ambayo nyuzi zake zimewambwa wima nyuma ya ubao wa mbele. Ina vibao 85 vya kupigia badala ya 88 vya piano za leo, dalili kwamba iliundwa kabla kipimo cha 88 hakijaenea, mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Mbele ina vishikio viwili vya shaba vya kuwekea mishumaa, na ndani ya kifuniko herufi za dhahabu zilizofifia zinataja mji wa Leipzig.

Kutoka Leipzig hadi mlimani

Jina la mji huo tumelisikia sote tangu darasa la Kipaimara. Chama cha Misioni kilichowaletea wazee wetu Injili kilianzishwa Dresden mwaka 1836 na kuhamia Leipzig mwaka 1848. Pengine ni wachache kati yetu wanaofahamu kwamba mji huo huo ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya Ujerumani kwa uundaji wa piano. Julius Blüthner alifungua karakana yake huko mwaka 1853, na kufikia mwisho wa karne hiyo piano za Leipzig zilikuwa zikiuzwa ng'ambo kwa wingi. Ni mji huo huo ambamo Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Kwa hiyo mmisionari aliyefunga sanduku lake Leipzig alitoka mahali ambapo mahubiri na kinanda vilikuwa majirani wa muda mrefu.

Hata hivyo, kupenda kinanda ni jambo moja na kukifikisha Kilimanjaro ni jambo jingine. Wamisionari wa kwanza wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaanza kituo cha Mamba mwaka 1894 na cha Moshi ya Kale mwaka 1896. Kila walichokuwa nacho kilipanda kutoka pwani kwa nguvu za wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25 hadi 30. Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 na zaidi, nayo haigawanyiki, maana fremu ya chuma inayobeba nyuzi ni kipande kimoja. Ndiyo sababu chombo cha kwanza katika vituo vingi vya misioni kilikuwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu, ambacho sauti yake hutoka katika ndimi ndogo za shaba zinazotikiswa na upepo. Hicho ni chepesi, hakina nyuzi za kulegea, na vingine viliundwa hata vikunjwe na kuingia sandukuni. Piano ilingoja reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo sanduku kubwa liliweza kuletwa hadi chini ya mlima kwa gari moshi. Basi, mtu akisimuliwa kwamba piano fulani ilipandishwa Uchagani kwa vichwa vya wapagazi kutoka pwani, na aipokee hadithi hiyo kwa tahadhari.

Baada ya reli vilikuja vita. Majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916, na kufikia mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini. Wamarekani wa Misioni ya Augustana walikuja mwaka 1922 kusaidia, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka hiyo, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikawaondoa tena. Waliolinda nyumba, shule na makanisa katika vipindi hivyo viwili walikuwa walimu na wazee wa hapa hapa. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika mjadala wetu piano iliitwa mara nyingi "piano ya Wazungu". Walioitengeneza ni Wazungu, naam. Lakini walioifunika isinyeshewe, wakaihamisha paa lilipovuja, wakaikataza kuwa kuni, hawakuwa Wazungu.

Kitu kinachoitwa mtambo

Msomaji asiyewahi kuona ndani ya piano anastahili maelezo, maana bila hayo uamuzi wa Baraza hautaeleweka. Mtambo ni vile vipande vyote vilivyo kati ya kibao anachogusa mpigaji na uzi unaolia. Kidole kinashusha kibao kwa kiasi cha milimita 10 hivi. Mwisho wa pili wa kibao unainuka na kusukuma kijiti, nacho kijiti kinaitupa nyundo ndogo iliyovikwa felti, yaani sufu iliyoshindiliwa hata ikawa ngumu. Hapa ndipo penye siri yote. Nyundo ikisukumwa hadi mwisho na kushikiliwa pale, itaubana uzi na kuua sauti ile ile iliyoizaa. Kwa hiyo milimita mbili tatu kabla ya kufika, kijiti lazima kiteleze na kuiachia nyundo iende yenyewe, igonge, irudi, na idakwe isigonge mara ya pili. Wakati huo huo kipande kingine cha felti kinachozuia uzi usilie ovyo lazima kiwe kimeondoka, na kirudi mara kidole kinapoinuliwa. Haya yote hutendeka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa kila kibao.

Aliyebuni mpango huu ni Bartolomeo Cristofori wa Florence, nchini Italia, na chombo chake kimetajwa katika orodha ya mali ya ukoo wa Medici ya mwaka 1700. Piano zake tatu tu zimebaki duniani: ya mwaka 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig, katika makumbusho ya vyombo vya muziki ya Chuo Kikuu cha mji huo. Tutazirudia baadaye, kwa maana hizo tatu zilitumika sana katika kikao chetu cha mwisho.

Kwa Walutheri, hata hivyo, habari inayogusa zaidi ni ya Gottfried Silbermann, mjenzi mashuhuri wa vinanda vya kanisa aliyeishi Freiberg katika Saxony. Silbermann alijaribu kuunda piano kwa kufuata mpango wa Cristofori, akamwonyesha Bach. Mwanafunzi wa Bach aitwaye Agricola ameacha maandishi kuhusu yaliyotokea. Bach alisifu sauti, bali alisema kwamba sauti za juu ni dhaifu na vibao ni vigumu mno kupiga. Silbermann aliudhika, tena kwa muda mrefu. Pamoja na hayo hakuendelea kuuza chombo kilichokosolewa. Aliurudia mtambo kwa miaka mingi, hata Bach alipoijaribu kazi yake mpya aliikubali kabisa. Mwaka 1747 Bach alizipiga piano za Silbermann mbele ya Mfalme Friedrich wa Pili huko Potsdam, na mwaka 1749 alitia sahihi stakabadhi ya kuuza mojawapo. Mzee mmoja wa Baraza, mwalimu mstaafu, aliposikia habari hii alisema kwamba kama Bach mwenyewe alilaumu mtambo na wala si piano yote, basi nasi tutenganishe hayo mawili. Neno hilo lilisaidia kuliko hotuba nyingi.

Nondo na kutu

Nilipoufungua ubao wa mbele pamoja na fundi aliyealikwa na Kamati, tuliwakuta wale maadui wawili ambao Bwana wetu aliwataja pamoja alipoonya juu ya hazina za duniani. Nondo walikuwa wamekula felti ya nyundo nyingi za katikati hadi kwenye mti. Kutu ilikuwa imekula springi. Panya naye alikuwa ameongeza sehemu yake, kwa kuvichukua vijikanda vya kitambaa vinavyoisaidia nyundo kurudi, akajengea kiota chini ya vibao vya besi. Vijikanda hivyo ni sehemu ya mpango ambao Robert Wornum wa London alipata hataza yake mwaka 1842, nao umerithiwa na piano za kusimama hadi leo.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, haonekani. Kila kiungo cha mtambo huzunguka juu ya kipini chembamba cha chuma, chenye unene wa milimita moja na kidogo, kilichopita katika tundu lililovikwa kitambaa cha sufu. Masika yakiingia, mti na sufu hunywa unyevu, tundu linabana, nyundo inakwenda isirudi. Kiangazi kikija, vitu vile vile hukauka na kulegea, nyundo inayumba na kugonga uzi wa jirani. Gundi ya zamani, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo huachia. Mtambo wetu uliundwa kwa ajili ya sebule ya Saxony, si kwa ajili ya mteremko unaopata mvua mara mbili kwa mwaka. Waundaji walilijua tatizo hilo, na kwa wateja wa nchi za joto walitengeneza piano za namna ya pekee. Albert Schweitzer, daktari na mchungaji wa Alsace, alipokwenda Lambaréné katika Gabon mwaka 1913, Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano iliyoundwa mahususi kwa ajili ya joto, yenye pedali kama za kinanda cha kanisa, ndani ya sanduku lililozungushiwa zinki. Ilifikishwa kwa mtumbwi uliochongwa kutoka katika gogo moja kubwa. Yetu haikupata sanduku la zinki.

Tena mtambo wetu ni wa aina ambayo mafundi wengi hawaipendi. Vizuia sauti vimewekwa juu ya nyundo badala ya chini yake, na kila kimoja kinavutwa na waya mrefu unaopita mbele. Ukiitazama safu hiyo ya nyaya utadhani ni tundu la ndege. Waingereza na Wajerumani waliunda mitambo ya namna hii kwa wingi hadi miongo ya kwanza ya karne ya 20, kisha wakaiacha. Walikuwa na sababu nzuri. Kizuia sauti kinachokaa karibu na mwisho wa uzi, mahali ambapo uzi hautikisiki sana, hakiizimi sauti vizuri, na fundi anayetaka kuifikia nyundo moja sharti kwanza azipite nyaya zote. Fundi wa kwanza tuliyemwomba ushauri hakutaka hata kukaa. Alisema tuutoe mtambo, tuutupe, sanduku lifanywe kabati la vitabu.

Hoja zilizotolewa

Waliopinga matengenezo hawakuwa watu wa kubeza mambo ya kale, na hoja zao zinastahili kuandikwa hapa kwa heshima. Walisema kwamba fedha za Jubilei zimetoka katika sadaka, katika minada ya ndizi, kuku na mayai baada ya ibada, na katika mifuko ya wajane. Kwaya zetu zinatumia kinanda cha umeme, ambacho kinabeba sauti mia, kinapandisha na kushusha ufunguo kwa kubonyeza mara moja, na kinabebwa na kijana mmoja kwenda mtaani. Walisema pia, na hili ni kweli, kwamba muziki wa Kanisa letu haukuzaliwa ndani ya sanduku lile. Upo katika matarumbeta, katika kwaya za mitaa, na katika nyimbo zenye lahani za Kiafrika ambazo Howard Olson wa Makumira na wenzake walizikusanya katika Tumshangilieni Mungu. Piano ikinyamaza milele, hakuna ibada itakayopungukiwa.

Walioiunga mkono, kwa maoni yangu, mwanzoni walijitetea vibaya. Walisema ni ya kale, kana kwamba ukale peke yake ni sifa. Wengine walitumaini kwamba ikitengenezwa itakuwa na bei kubwa. Matumaini hayo hayana msingi. Piano za kusimama za miaka ile ziliundwa kwa maelfu mengi, na Ulaya leo wapo watu wanaozitoa bure kwa atakayekuja na gari. Gharama ya kuutengeneza mtambo huzidi bei ya piano yenyewe, na yeyote anayeingia katika kazi hii sharti aingie akilijua hilo.

Kazi yenyewe si ndogo. Kila kibao kina viungo vinne hivi: cha nyundo, cha kijiti, cha mkono unaokibeba kijiti, na cha kizuia sauti. Kwa vibao 85 hiyo ni zaidi ya vipini 300, ambavyo kila kimoja kitolewe, tundu livikwe sufu mpya, lipanuliwe kwa kipimo, kisha kipini kipya kiingizwe kisibane wala kisiyumbe. Ukikipa kila kimoja robo saa tu, umekwisha kutumia zaidi ya saa 75 kabla hujagusa nyundo, springi, vijikanda na felti za vibao.

Hapa ndipo fundi wa pili alipotufundisha jambo ambalo naona ni kiini cha habari hii. Alisema tunatazama mahali pasipopaswa. Mtambo ndio unaoonekana kuharibika kuliko vyote, lakini ndio unaotengenezeka kuliko vyote. Felti, ngozi, springi na vipini ni vitu ambavyo muundaji mwenyewe alijua vitachakaa, na aliviweka vibadilishwe, kama tairi za gari. Kinachoiua piano ni vitu vitatu ambavyo mtazamaji havioni: boriti ya vigingi ambamo nyuzi zimefungwa, fremu ya chuma, na ubao wa sauti ulio nyuma. Boriti ikipasuka, vigingi havishiki, na piano haitadumu katika sauti hata wiki moja. Kuubadilisha mtambo wa piano ya namna hiyo ni kumvisha maiti viatu vipya.

Kwa hiyo alishauri tusitumie hata shilingi moja kwa mtambo mpaka tujue habari za boriti. Nyuzi ziliinuliwa taratibu, kwa awamu, kabla ya masika, na piano ikaachwa bila kuguswa hadi mvua zilipokwisha. Wazee waliokuwa na haraka ya Jubilei hawakupendezwa na kungoja huko. Lakini mvua za mlimani zilifanya uchunguzi ambao hakuna fundi angeweza kuufanya kwa siku moja. Masika yalipopita, sauti zilikuwa zimeshuka kidogo na kwa usawa, isipokuwa vigingi vichache vya juu vilivyolegea kabisa. Ubao wa sauti una ufa mmoja usiogongana. Boriti ni nzima.

Pembe za ndovu na kipimo cha sauti

Mambo mawili zaidi yaliukata shauri, na yote mawili yalikuwa mageni kwa wengi wetu.

La kwanza ni vibao vyenyewe. Vile vyeupe vimefunikwa kwa pembe za ndovu. Zinatambulikana kwa mstari mwembamba mahali ambapo kipande kipana cha mbele kinaungana na kile chembamba cha nyuma, na kwa nyuzinyuzi za asili zinazoonekana kwenye mwanga. Katika karne ya 19 soko kubwa kabisa la pembe katika Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar. Misafara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa ilipanda hadi Uchagani na kupita mbali zaidi kuzitafuta, na wapagazi wakazibeba kushuka pwani. Wengine walikuwa watu wa kukodiwa, wengine, katika baadhi ya misafara, watumwa. Kutoka Zanzibar pembe zilikwenda Hamburg kwa Wajerumani, na Connecticut kwa Wamarekani, ambako vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kuchonga vibao vya piano. Haikosi hata kidogo katika akili kwamba kitu kilichoshuka kutoka nchi hizi kwa bega la mtu kilirudi kikiwa kimebandikwa kwenye chombo cha nyimbo. Mama mmoja wa Baraza aliuliza kama inafaa kukiheshimu kitu cha namna hiyo kanisani. Hakujibiwa mara moja, na nafikiri ilikuwa vema hakujibiwa mara moja.

Pembe hizo zilileta na jambo la sheria. Katika mkutano wa nchi za mkataba wa CITES uliofanyika Lausanne mwezi Oktoba 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha pendekezo, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990. Rafiki zetu wa Ujerumani walikuwa wamependekeza kwa upendo kwamba vibao na mtambo vipelekwe kwao vikatengenezwe. Vibao havikuweza kusafiri bila vibali vizito, na Baraza halikutaka kuanza njia hiyo. Mtambo, kwa kuwa hutoka mzima ukifungua skrubu chache na hauna pembe ndani yake, ungeweza. Ndipo likazuka swali: kama mafundi wa nje wataufanya wote, ni nani hapa atakayejua kuurekebisha masika yajayo?

La pili ni kipimo cha sauti. Mkutano wa Vienna wa mwaka 1885 uliweka noti ya A kuwa mitikisiko 435 kwa sekunde, na piano za Kijerumani za miaka hiyo zililinganishwa hivyo. Mkutano wa London wa mwaka 1939 uliweka 440, kipimo kinachotumiwa na kinanda chetu cha umeme. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya nusu-toni. Ni ndogo kwa anayesoma, lakini ni kubwa kwa anayesikiliza. Kuipandisha piano kutoka 435 hadi 440 huongeza mvuto wa nyuzi kwa zaidi ya asilimia 2, na kwa kuwa mvuto wa jumla katika piano kama hii huzidi tani 10, hiyo ni zaidi ya kilo 200 juu ya fremu na nyuzi zenye umri wa karne. Fundi alikataa kuipandisha. Maana yake ni kwamba piano hii haitapigwa pamoja na kinanda cha umeme, wala kusindikiza matarumbeta. Itakuwa chombo cha kufundishia watoto, cha kuifundishia kwaya sauti zake nne, na cha ibada ndogo. Waliokuwa wakiiota katika ibada kuu wakaiacha ndoto hiyo.

Uamuzi

Katika kikao cha tatu piano tatu za Cristofori zililetwa mezani kama nilivyotangulia kusema. Ya Roma na ya Leipzig hazipigwi, lakini wachunguzi hujifunza mengi kutoka kwazo. Ya New York hupigwa, lakini ilifanyiwa matengenezo makubwa mwaka 1938, na ubao wake wa sauti ukabadilishwa, hivyo anayeisikiliza leo hasikii kwa hakika alichokisikia Cristofori. Kila matengenezo hufuta kitu. Kwa chombo kilichobaki vitatu duniani, hofu hiyo ni ya haki. Kwa piano kama yetu, ambayo ndugu zake ni maelfu, naona hofu hiyo ni ndogo, mradi kinachotolewa kihifadhiwe na kuandikwa.

Baraza liliamua kwa kura kwamba mtambo utengenezwe, na utengenezwe hapa hapa. Nyundo zile zile zitavikwa felti mpya, vizuia sauti vya mtindo wa tundu la ndege vitabaki vilivyo, na hakuna kitakachofanywa kuwa cha kisasa. Vibao vya pembe havitabadilishwa wala kusafirishwa. Vilivyobanduka vitabandikwa tena, na pale palipopotea kipande patawekwa mfupa wa ng'ombe. Tena liliwekwa sharti ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoifanya gharama hiyo istahili: vijana wawili wa usharika, msichana na mvulana, wafanye kazi na fundi tangu kipini cha kwanza hadi cha mwisho, na usharika uwalipie nauli na posho kutoka katika fungu lile lile. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Usa River, kinafundisha muziki hadi kiwango cha shahada, na wapo Watanzania wengi wanaojua kupiga. Wanaojua kukifungua chombo na kukirudisha ni wachache mno. Bila sharti hilo ningepiga kura ya kukataa, na nilisema hivyo kikaoni.

Yule mama aliyeuliza juu ya pembe aliunga mkono, akiomba jambo moja: kwamba historia ya vibao iandikwe na ibandikwe ndani ya kifuniko, mahali ambapo mpigaji ataiona kila anapokifungua. Maandishi hayo yametayarishwa kwa Kiswahili na Kichaga.

Makala hii inapokwenda mtamboni, mtambo wa piano umelazwa juu ya meza mbili katika chumba cha nyuma, nyundo zote 85 zimeandikwa namba kwa penseli, na vijana wale wamefika kibao cha 31. Felti iliyotolewa imewekwa katika kopo lenye kifuniko, pamoja na kiota cha panya. Vigingi vya juu vilivyolegea na nyuzi mbili za besi zilizokatika hazimo katika fungu hili, na ombi lake litaletwa mbele ya mkutano mkuu wa usharika baada ya mavuno ya kahawa.